Mwanga unapimaje ampea na volti bila kugusa waya?

Mpimaji_CT

Habari za muda huu wakuu.

Kazi yangu ni transfoma za kupimia. CT (ya mkondo) na VT (ya volteji) nimezifungua, nimezijaribu, nimezibadilishia mafuta. Mkondo mkubwa unapita upande mmoja, upande wa pili unapata ampea 1 au 5 za kupeleka kwenye mita na rilei (kifaa kinachoamuru laini ikatwe kukiwa na hitilafu). Najua zinavyofanya kazi na najua zinavyokufa.

Sasa tumeletewa mchoro wa mradi mpya, na mahali pa CT pameandikwa "kihisi cha mwanga". Nikaangalia picha yake: nguzo nyembamba ya kuhami, juu yake pete, na ndani ya pete hakuna chuma wala koili ya shaba. Kuna uzi wa kioo umezungushwa kwenye kondakta. Uzi huohuo unashuka mpaka chumba cha udhibiti na kuingia kwenye sanduku la elektroniki. Hakuna kingine.

Kioo hakipitishi umeme, hilo kila mtu analijua. Mwanga hauna chaji, na ukisimamisha tochi karibu na nyaya zenye mkondo mwali wake haupindi hata kidogo. Sasa ni nani anayeuambia ule mwanga kwamba hapa zinapita ampea 800 na siyo 400? Mhandisi aliyeleta mchoro alijibu "ni athari ya Faraday" akafungua ukurasa unaofuata.

Naombeni mnieleze kinachotokea ndani ya kioo, kwa namba ikiwezekana. Fezi tatu zimekaa jirani, je, uga wa fezi ya pembeni hauharibu kipimo? DC inaisoma, maana CT ya chuma haiioni kabisa? Na kuna namna ya kuiona hii kitu mezani? Mimi nisipoona kwa macho huwa siamini sana.

Soketi_Mbili

Mkuu usijisumbue, hiyo ni optokapla iliyorefushwa. Huko juu kuna shanti au koili, kuna saketi ndogo inayogeuza kipimo kuwa mwanga wa LED, chini fotodayodi inaugeuza kuwa umeme tena. Mwanga umebeba ujumbe tu. Hizi habari za Faraday ni mapambo ya katalogi.

Digrii45

Soketi_Mbili, ulichoeleza kipo kweli, ila sicho alichoonyeshwa mleta mada. Kuna mifumo inayoweka shanti (kipingamizi kidogo cha kupimia mkondo) au koili ya Rogowski (koili isiyo na chuma ndani) huko juu, elektroniki zinasoma, kisha faiba inashusha taarifa. Taabu yake ni kuzilisha elektroniki mahali ambapo huwezi kuvuta waya kutoka chini. Wengine wanapandisha leza kwenye faiba nyingine na kuigeuza umeme hukohuko juu. Lakini kama ndani ya pete hakuna chochote isipokuwa kioo, basi mwanga wenyewe ndio unaopima. Nimefanya kazi na vifaa vya namna hii kwenye maabara ya ulinganishaji kwa muda mrefu, nitaeleza ninavyovijua.

Mwanga ni mtikisiko, na mtikisiko una upande. Ukiupitisha kwenye kichujio cha polaraizi, kama kile kilichobandikwa kwenye skrini ya kompyuta yako, unabaki ule unaotikisika kwenye bapa moja tu. Septemba 1845 Michael Faraday alipitisha mwanga wa aina hiyo kwenye kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi, kioo alichokuwa amekitengeneza mwenyewe miaka ya 1820 alipokuwa anahangaika na vioo vya lenzi. Akakiweka kwenye sumaku ya umeme yenye nguvu, mistari ya sumaku ikielekea kule unakoelekea mwanga. Lile bapa la mtikisiko likageuka. Mwali haukupinda, hapo uko sahihi kabisa kuhusu tochi yako; ulitoka ukitikisika kwa pembe tofauti kidogo na ile ulioingia nayo.

Pembe hiyo ni zao la vitu vitatu: nguvu ya uga wa sumaku, urefu wa njia ndani ya kioo, na namba ya kioo chenyewe. Namba hiyo inaitwa namba ya Verdet, kwa jina la Mfaransa Émile Verdet aliyeichunguza kwa makini.

Sasa zungusha uzi wa kioo kwenye kondakta. Uga wa sumaku unauzunguka mkondo, kwa hiyo mwanga ulio kwenye uzi unaandamana na uga safari nzima. Sheria ya Ampère inasema ukijumlisha uga wote kwenye njia iliyofungwa unapata mkondo uliopita katikati. Basi hesabu yote inabaki hivi: pembe = namba ya Verdet × idadi ya mizunguko × mkondo. Tazama yasiyokuwemo. Kipenyo cha pete hakimo. Umbo la pete halimo. Kondakta akae katikati au aegemee ukingoni, hakuna kinachobadilika. Na mkondo unaopita nje ya pete unajifuta: uga wake unausaidia mwanga upande mmoja wa pete na kuupinga upande mwingine kwa kiasi kilekile. Fezi ya jirani imeshajibiwa hapo, kwa sharti moja, kwamba pete ifungwe kwelikweli, mwisho wa uzi ukutane na mwanzo wake. Ukiacha mwanya, jirani anaingia kupitia mwanya huo.

Umetaka namba. Faiba ya kawaida ya silika, mwanga wa nanomita 1310, inageuza bapa takribani mikroradiani 1 kwa kila ampea kwa kila mzunguko. Ampea 800 zako na mzunguko mmoja zinakupa radiani 0.0008, haifiki digrii 0.05. Kidogo mno, ndiyo maana kwa mikondo midogo faiba inazungushwa mara nyingi. Upande wa pili, shoti ya ampea 50,000 kwa mzunguko mmoja ni radiani 0.05, kama digrii 3 hivi, na kioo hakijui kushiba. Chuma kinashiba. Wewe unajua vizuri kinachotokea shoti inapoanza ikiwa na kijisehemu cha DC ndani yake: chuma kinajaa, sekondari inatoa wimbi lililokatika, rilei inaamua kwa taarifa mbovu. Na shoti ikishaisha, chuma kinabaki na usumaku wake kikisubiri shoti ya pili.

Tunaionaje pembe ndogo hivyo? Njia ya zamani ni kuweka kichujio cha pili mwisho wa safari, kimegeuzwa digrii 45 kutoka kwenye cha kwanza. (Ndiyo, jina langu humu limetoka hapo.) Ukivisimamisha sambamba au kwa digrii 90, pembe ndogo haibadilishi karibu kitu. Kwenye 45 uko katikati ya mteremko: mwanga unaotoka ni nusu, na kila sehemu ndogo ya radiani ya mgeuko inaubadilisha mara mbili yake, ukilinganisha na ile nusu. Geuza kwa radiani 0.01, mwanga unabadilika asilimia 2. Kisha, ili kuchakaa kwa taa kusionekane kuwa ni mkondo, unaugawa mwanga wa mwisho kwenye miali miwili, unachukua tofauti yake na kuigawa kwa jumla yake.

Vifaa vikubwa vya siku hizi vimekwenda mbali zaidi. Vinatuma mawimbi mawili ya duara, moja linazunguka kulia na jingine kushoto. Ndani ya uga wa sumaku moja linawahi na jingine linachelewa. Mwishoni mwa uzi kuna kiakisi kinachoyabadilisha zamu, yanarudi kwa njia ileile, na tofauti yao inazidi kukua. Hapo ndipo athari ya Faraday inaponifurahisha mpaka leo. Maji ya sukari nayo hugeuza bapa la mwanga, lakini ukiurudisha mwanga kwa njia ileile yanaligeuza kinyume, unatoka kama ulivyoingia. Faraday hafuati safari ya mwanga, anafuata sumaku, kwa hiyo kurudi kunaongeza. Vurugu nyingi za kawaida za faiba zinafutana wakati wa kurudi na mkondo unabaki. Ufundi mwingi wa vifaa hivi umeazimwa kutoka jairoskopu za faiba, vile vihisi vya mzunguko.

DC inasomwa bila taabu yoyote, uga ni uga. Viwanda vya kuyeyushia alumini vinaendesha mamia ya maelfu ya ampea za DC kwenye baa za alumini pana kama milango, na huko pete ya faiba inafungwa kuzunguka baa zote kwa pamoja. Kwenye mradi wa ITER, tanuri la majaribio la muungano wa nyuklia linalojengwa Ufaransa, ambao mkondo ndani ya plazma umekusudiwa kufika ampea milioni 15, faiba za aina hii ni sehemu ya mpango wa upimaji. Kwa mkondo huo bapa linazunguka zaidi ya duara zima, kwa hiyo lazima kuhesabu na mizunguko iliyokamilika.

Ubaya sasa, maana katalogi hazitakuambia.

Faiba ikikunjwa inabanwa, na kioo kilichobanwa kinauchukulia mtikisiko wa wima na wa ulalo kwa kasi tofauti. Mwanga ulioingia na bapa moja unatoka umevurugika kuwa duaradufu. Kadiri mkunjo unavyokuwa mdogo ndivyo hali inavyozidi, kwa mraba wa nusukipenyo. Kwenye benchi letu kuna pete moja ya mafunzo ambayo huwa nawakabidhi vijana wapya. Wanapitisha waya katikati wanasoma. Wanausogeza ukingoni, namba haitikisiki. Wanaupitisha mara mbili, namba inakuwa mara mbili. Wanautoa nje, sifuri. Wanafurahi. Kisha nawaambia wazime mkondo na wagonge kwa ukucha faiba inayoelekea kwenye pete. Sanduku linaonyesha ampea ambazo hazipo. Pete hiyo ni ya aina ya kizamani, yenye vichujio na faiba ya kawaida, na ninaitunza kwa sababu hiyohiyo. Nyingine zilizomo humo ndani ukizigonga hazisemi kitu, kwa kuwa faiba yake ilisokotwa kioo kikiwa bado cha moto, au pete nzima ilipashwa joto na kupoozwa polepole mpaka mkazo ukaisha.

Joto lenyewe pia linaigusa namba ya Verdet. Kwa silika inapanda kama sehemu 7 kwa 100,000 kwa kila digrii ya Selsiasi. Inaonekana si kitu, lakini kati ya baridi ya alfajiri na jua kali juu ya chuma, tuseme tofauti ya digrii 70, umeshapata nusu asilimia. Mita ya kuuzia umeme ya daraja 0.2 (kosa lisilozidi asilimia 0.2) haivumilii hayo. Kwa hiyo inasahihishwa, ama kwa kipimajoto ndani ya pete, ama kwa ujanja wa kuchagua kipande cha mwanzo cha faiba ambacho chenyewe kinabadilika na joto kwa kiasi kinachofuta badiliko la Verdet. Muuzaji wako akikuambia kifaa chake hakijali joto, mwambie akuonyeshe grafu ya jaribio la joto. Mwenye nayo hataona tabu kuionyesha.

Mpimaji_CT

Hapa nimepata nilichokuwa natafuta, shukrani mkuu. Hilo la kondakta kukaa popote ndani ya pete limeniingia, kumbe ni sheria ileile ya CT, tumeondoa chuma tu.

Ila mchoro una vihisi viwili kwenye nguzo moja, na cha pili kimeandikwa volteji. Volteji haina uga wa sumaku wa kuzungukwa. Hapo mwanga unashika nini?

Digrii45

Unashika uga wa umeme, na kioo cha kawaida hakifai, inatakiwa fuwele. Mwaka 1893 Mjerumani Friedrich Pockels alieleza kwamba baadhi ya fuwele zikiwekewa uga wa umeme, mtikisiko wa upande mmoja unapita haraka kuliko wa upande mwingine, na tofauti hiyo inakwenda sawasawa na uga. Uga ukiwa mara mbili, tofauti mara mbili. Ukigeuka ishara, nayo inageuka. Siyo kila fuwele inaweza. Lazima mpangilio wa atomi zake uwe hauna ulinganifu wa pande zote mbili kupitia kitovu. Kabla yake, 1875, John Kerr alikuwa ameona jambo linalofanana na hilo kwenye kioo na vimiminika, lakini la Kerr linakwenda kwa mraba wa uga, hivyo chanya na hasi vinatoa jibu moja. Kwa mipigo mikali ya volteji kwenye maabara Kerr anafaa sana. Kwa gridi tunamtaka Pockels.

Fuwele utakayoikuta mara nyingi kwenye kazi hii ni ya bismathi, jemani na oksijeni, wenyewe wanaiita BGO. Inapendwa kwa sababu isipokuwa na uga ni tulivu kabisa, haivurugi mwanga kwa namna yoyote, na kwa sababu ni mvivu. Volteji inayohitajika kuugeuza mwanga nusu wimbi kwenye BGO ni makumi ya maelfu ya volti. Linganisha na modyuleta za litiamu niobati za mawasiliano ya faiba (vifaa vinavyoandika ujumbe kwenye mwanga), ambazo volti chache tu zinatosha. Kwenye laini ya kV 132 mvivu ndiye unayemtaka.

Hata hivyo piga hesabu: kV 132 ni kati ya fezi na fezi. Kutoka fezi hadi ethi ni kV 76, na kilele cha wimbi ni karibu kV 108. Ukiiweka yote kwenye fuwele moja, mwanga unapita nusu wimbi na kuendelea, na namba moja ya mwanga inaweza kumaanisha volteji mbili au tatu tofauti. Wengine wanachukua ishara mbili zilizoachana robo wimbi, ili moja ikifika kileleni na kupoteza mwelekeo, nyingine iko kwenye mteremko. Wengine wanagawanya volteji kwa kapasita na kuipa fuwele kipande kidogo tu. Njia ya pili ni rahisi kutengeneza, ila sasa usahihi wako umeufunga kwenye kapasita, na mimi binafsi naona umerudi nusu ya safari uliyokuja.

Lakini jambo la kumbana nalo muuzaji kwenye volteji ni lingine. Kwenye mkondo tulikuwa na pete iliyofungwa na sheria ya Ampère ikatulinda. Volti nazo zina jumla yake: ni uga wa umeme uliojumlishwa kwenye njia yote kutoka kwenye laini hadi ethi. Fuwele ndogo iliyokaa mahali pamoja inaonja uga wa mahali hapo tu. Mvua ikinyesha juu ya insuleta, uchafu ukijikusanya, breka ya jirani ikifunguka, uga unajipanga upya. Volteji ya laini haijabadilika lakini uga wa pale ilipo fuwele umebadilika. Kipimo kinayumba na hakuna aliyekosea kitu. Dawa ni fuwele ndefu, au mnyororo wa fuwele, unaoziba njia yote ili jumla iwe jumla kweli. Au vifuwele vichache vilivyowekwa sehemu zilizochaguliwa kwa hesabu, kila kimoja na uzito wake, kisha vinajumlishwa. Ukikuta kimoja tu, kimekaa chini karibu na ethi, na hakuna kapasita wala kikinga cha uga kukizunguka, uliza maswali mengi.

Na hapa jibu la DC linageuka. Kwenye mkondo nilisema hakuna taabu; kwenye volteji ipo. Uga wa DC ukikaa muda mrefu, chaji ndani ya fuwele na juu ya uso wake zinasogea polepole na kuufunika uga, na kipimo kinateleza kuelekea sifuri ilhali volteji ipo palepale. Kwa AC ya 50 Hz chaji hazipati muda huo.

Mwl_Optiki

Naongezea la mezani, kwa kuwa mleta mada amesema haamini asichokiona. Mimi hufundisha fizikia na jaribio hili hulifanya na vifaa visivyo vya ajabu.

Unahitaji kalamu ya leza nyekundu, koili, bomba fupi la maji lenye vioo bapa pande zote mbili, kichujio cha polaraizi kutoka kwenye skrini mbovu, na fotodayodi iliyounganishwa na tundu la maikrofoni la kompyuta. Leza nyingi za dayodi zimeshapolaraizi zenyewe, kwa hiyo kichujio kimoja kinatosha, kile cha mwisho. Hakikisha kwanza: kizungushe mbele ya leza, mwanga ukizimika na kuwaka unapozungusha, unayo leza nzuri. Miwani ya sinema za 3D usiitumie, ina tabaka la ziada linalogeuza mwanga kuwa wa duara na litakupotezea siku.

Koili ya mizunguko 400 kwenye urefu wa sentimita 10, ikipewa ampea 2, inatoa uga wa militesla 10 hivi katikati. Namba ya Verdet ya maji, kwa mwanga wa njano wa sodiamu, ni kama radiani 3.8 kwa tesla kwa mita, na kwa nyekundu ni pungufu kidogo. Kwa sentimita 10 za maji unapata radiani zisizofika 0.004. Kwenye digrii 45 za Digrii45, mwanga unabadilika chini ya asilimia 1. Kwa macho hutaona chochote, hata ukikaza vipi. Ukipata fimbo ya kioo kizito cha risasi, kile cha lenzi nzito, mgeuko unakuwa karibu mara sita.

Kwa hiyo usitumie DC ukakodolea doa ukutani. Endesha koili kwa amplifaya ya sauti, kwa toni ya 330 Hz. Nimechagua namba hiyo kwa makusudi, siyo zao la 50 wala la 60, kwa sababu taa za chumbani na nyaya zote zinapiga kelele kwenye mazao hayo. Rekodi kwa dakika chache kisha tazama spektra kwenye programu yoyote ya sauti. Utaona kijimlima kwenye 330.

Halafu usikiamini. Koili inaweza kuwa inaingiza ishara moja kwa moja kwenye waya wa fotodayodi bila kupitia mwanga. Ziba leza kwa karatasi: kijimlima kikibaki, ulikuwa unapima waya. Kikitoweka, zungusha kichujio digrii 90, kutoka 45 ya kulia hadi 45 ya kushoto. Mgeuko wa kweli wa Faraday utageuza ishara, wimbi lililokuwa linapanda sasa linashuka ukilinganisha na toni uliyotuma. Mtetemo wa koili hautafanya hivyo, tena mtetemo huo huwa unatokea hasa kwenye 660 Hz, kwa kuwa mizunguko ya koili inavutana kwa mraba wa mkondo. Mimi hufurahia zaidi kijimlima cha 660, wanafunzi wakikiona wanaanza kubishana wenyewe bila kusukumwa.

Leza isielekezwe usoni kwa mtu, na usikate waya wa koili ikiwa na mkondo, inatema cheche.

Soketi_Mbili

Nimekubali yaishe. Ila swali: taa ya chini ikifa je? CT ya chuma haihitaji umeme wa pembeni wala betri.

Mpimaji_CT

Hata mimi nilikuwa naelekea huko. Tena rilei zetu zote zina pembejeo ya ampea 5. Hili sanduku linatoa ampea 5?

Digrii45

Halitoi, na hapo ndipo miradi mingi inapokwama baada ya vifaa kushafika. Kinachotoka ni namba. Sampuli zinatumwa kwenye mtandao wa Etherneti kwa kanuni za IEC 61850-9-2. Mpangilio uliozoeleka ni sampuli 80 kwa kila mzunguko wa wimbi, yaani 4,000 kwa sekunde kwenye 50 Hz, na kiwango kipya zaidi cha IEC 61869-9 kimependekeza 4,800. Rilei inayoelewa namba hizo inaunganishwa kwa faiba. Rilei ya ampea 5 inahitaji amplifaya kubwa katikati ya kuzigeuza namba kuwa mkondo, na hilo likishaingia faida nyingi zinayeyuka. Baadhi ya rilei za zamani zinajilisha zenyewe kutoka kwenye CT. Hizo hazina pa kuunganishwa kabisa.

Taa ikifa, sanduku linapaswa kuweka alama ya "si halali" kwenye kila sampuli, na rilei inapaswa kuisoma alama hiyo na kujizuia badala ya kudhani mkondo ni sifuri. Jaribu hilo mwenyewe siku ya makabidhiano: chomoa faiba wakati laini ina mzigo wa majaribio, uone rilei inafanya nini. Kwa ulinzi mkuu weka masanduku mawili, kila moja na faiba yake kwenye pete na betri yake.

Saa nayo. Sampuli za mkondo na za volteji lazima zipigwe muhuri wa wakati mmoja. Mikrosekunde 1 ya kupishana kwenye 50 Hz ni digrii 0.018, inavumilika, mikrosekunde 10 ni karibu dakika 11 za pembe, na daraja 0.2 linaruhusu dakika 10 kwenye mkondo kamili.

Kwa hiyo kwenye mchoro wako angalia upande wa kulia wa lile sanduku. Kama pameandikwa jina la rilei na kanuni ya mawasiliano, endelea kusoma. Kama kuna mshale tu unaoelekea kwenye paneli ya zamani, urudishe kwa mhandisi kabla hajafungua ukurasa mwingine.

Ulilokosa kuuliza ni faida moja ambayo wewe wa CT utaipenda kuliko sisi wote: sekondari ikiachwa wazi hapa hakuna anayekufa. Unachomoa faiba, unaifunika kifuniko isiingie vumbi, unakwenda kula.